Mtu Aliyekwisha Kuaga

Mume wangu Salem alisafiri kwenda Adeni, akafika Kilindini. Nasema hivyo mapema ili baadaye nisije nikaambiwa natia chumvi.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Salem alikuwa karani wa bohari kwenye ghala moja la Changamwe, na kila jioni alirudi kwetu Timbwani na gazeti kwapani, akalisoma kuanzia nyuma, kwenye matangazo ya kazi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, lakini bwana wa ghala alimwita boi, na kila siku alipoitwa hivyo alirudi nyumbani hana maneno. Siku alipoona kwamba kampuni moja ya meli huko Adeni yataka makarani kutoka nje, wenye Kiingereza safi cha kuandika na kusema, kwa mkataba wa msimu mmoja, aliacha chakula sahanini. Aliazima mashine ya taipu akayapiga maombi yale mara sita, kwa kuwa kila akikosea herufi alisema Mwingereza hasamehi kufutafuta.

Babu yake alitoka upande huohuo wa Uarabuni akaja kutafuta riziki Mombasa. Sasa mjukuu alikuwa anarudi kule kama mgeni wa Kiingereza, maana Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu. Nilimtania sana kwa hilo. Lakini nilitaka aende, wallahi, nilitaka kuliko yeye, ili siku moja arudi mlangoni kwangu akiwa na maneno mdomoni.

Barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la Mzee Hadi, mwenye duka pale karibu na feri. Nusu ya mtaa ilitumia sanduku lile. Jibu lilipokuja Salem alinisomea kwa Kiswahili, amesimama: amekubaliwa, ajitayarishe kwa meli ya mwezi ujao, mkataba na tiketi vitafuata. Alipofika kwenye maneno hayo ya meli ya mwezi ujao, basi, masikio yake yalifungwa. Hilo la vitafuata hakulitia maanani, na mimi pia sikulitia.

Kwetu mtu hasafiri kimyakimya. Huzunguka nyumba kwa nyumba, akashika mikono ya watu na kuomba radhi, maana hajui kama watakutana tena. Salem aliacha kazi ya ghala, kisha akaaga siku nne mfululizo. Aliomba radhi kwa watu aliowakosea na kwa watu ambao hata hawakumbuki kama aliwahi kuwakosea. Bi Mwanatabu, jirani yetu wa mlango wa pili, alimlilia begani na kumpa chupa ya achari ya maembe. Mzee Hadi alimsomea dua dukani mbele ya wateja. Siku ya safari, Ijumaa, kundi zima lilimsindikiza mpaka kwenye feri, na mimi nikarudi nyumbani na macho mekundu na moyo mwepesi.

Saa saba mchana, Ijumaa hiyohiyo, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Salem na sanduku lake. Wakala wa meli alitazama orodha, akamwambia jina lake halimo, tiketi haijafika, aende nyumbani asubiri barua. Alikuwa amechagua kurudi wakati wa sala ya Ijumaa ili asikutane na mtu njiani. Alisahau tu kwamba hamali Ngala, Mgiriama wa Frere Town, ni Mkristo na hakuwa msikitini. Ngala ndiye aliyembebea sanduku mpaka uani, na hakuuliza swali.

Nilimwambia atoke kesho asubuhi awaeleze watu ukweli, wacheke siku mbili, wanyamaze. Akanitazama kana kwamba nimemwambia atembee uchi. Alisema ameliza watu. Amekula karamu za watu. Mtu aliyeagwa kwa machozi hawezi kuonekana kesho yake anateka maji kisimani. Barua itakuja wiki hii, akasema, nitapanda meli, na wala hapatakuwa na mtu aliyejua.

Basi tukakaa. Yaani mimi nilikaa, yeye hakukaa. Alitembea kutoka chumbani hadi jikoni na kutoka jikoni hadi chumbani, pekupeku asisikike, mpaka nikazijua hatua zake: kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Dirisha la mbele halikufunguliwa. Mtu akibisha hodi alijitupa nyuma ya pazia, na mimi nikapokea salamu za mume aliye mbali huku nikisikia pumzi zake. Nilimsihi aiandikie kampuni niende nikaitie posta. Akasema Waingereza hawapendi kuharakishwa. Siku nyingine nilitamani kumpiga kwa mwiko, na siku moja nilikaribia.

Kila asubuhi nilivaa buibui nikaenda dukani. Nikamwamkia Mzee Hadi, naye akaniitikia marahaba. Nikamwuliza kama posta kuna chochote. Sikuweza kumwuliza kama kuna barua ya Salem, kwa maana Salem yuko Adeni. Naye alinijibu vilevile kila siku, kwa upole: "Kwako hakuna, mwanangu."

Wiki ya sita nilichoka. Niliamka nikakuta amekwisha kuanza kutembea, ndevu zimemkaa ovyo, ananiuliza leo ni siku gani. Nikavaa buibui nikatoka. Dukani hapakuwa na mtu mwingine, na sikuamkia.

"Ami Hadi, barua ya Salem ilikuja?"

Mzee aliweka chini kibaba alichokuwa akipimia mchele. Alisema ilikuja, ndiyo, zamani, Alhamisi ya wiki ya pili. Bahasha ndefu, nzito, ya kampuni. Naye hakuichelewesha hata siku moja. Aliandika juu yake kwa Kiingereza kwamba mwenyewe yuko Adeni tayari, akairudisha posta ili imfuate.

Ndani ya bahasha ile ndimo ulimokuwa mkataba, ndimo ilimokuwa tiketi. Nikamwambia kwamba Salem yumo nyumbani tangu Ijumaa ileile.

"Najua," akasema Mzee Hadi. "Wiki ile ya barua, Jumatatu, ulinunua nyembe za kunyolea. Mke ambaye mumewe yuko Adeni, nyembe za nini?"

"Wajua, na barua ukairudisha?"

"Mwanangu, yule aliniaga kwa mkono wake, nikamsomea dua mbele ya watu. Ningekupa barua yake, ningekwambia kwamba najua yumo ndani. Naliona nimsitiri. Mtaa mzima wamsitiri."

"Ungeipenyeza chini ya mlango."

"Nalifikiri hilo. Nikaona mutajua ni mimi."

Ningemlaumu kwa lipi, naye kafanya kile ambacho mimi mwenyewe ningemfanyia mume wa mwenzangu? Nilihisi hasira zikitafuta pa kwenda zisipaone. Akainama chini ya meza akatoa bahasha nyingine, nyembamba, akasema imekuja jana, na mara hii alishindwa kuamua airudishe au la. Nikaichukua.

Salem aliisoma amesimama, kama ile ya kwanza. Kisha akanifasiria, polepole, sentensi kwa sentensi. Kampuni imearifiwa kwamba amekwisha kufika Adeni. Kwa kuwa mpaka leo hajaripoti kazini, nafasi yake amepewa mtu mwingine.

Nilimwambia yote ya dukani, ya nyembe, ya sitara ya mtaa. Nilimwambia huku nikilia, kwa sababu nilikuwa nimeumia na sikuona tena haja ya kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza katika wiki sita, aliketi kitini. Akanyoa. Akavaa kanzu aliyosafiria na viatu, akatoa komeo la mlango wa mbele, akatoka. Ilikuwa saa tano asubuhi na jua limewaka njia nzima.

Bi Mwanatabu alikuwa kizingitini kwake anachambua mchicha. Alimwona, na mkono wake haukusita hata kidogo kwenye majani.

"Salem, mwanangu, karibu," akasema. "Habari za Adeni?"

Salem alisimama mbele yake. Nilikuwa mlangoni, nikajua kwamba atakalosema ndilo tutakaloishi nalo.

"Nzuri, bibi," akasema. "Wamenifukuza kazi."

Bi Mwanatabu akasogeza ungo wake, akampa nafasi ya kukaa kizingitini.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole na safari."