Kerezo la Kusikilizia

Jumanne ya pili baada ya kustaafu, Mzee Okidi alishuka mtaa wa Kisenyi akiwa na futi ya chuma mfukoni na rungu lililofungwa gazeti kwapani. Alipita maduka ya tairi, akawapita Wasomali wanaouza matangi ya maji, akaingia ua wa Ondiek, Mjaluo wa Kisumu aliyeleta mashine kuukuu kutoka Nairobi na kuzipaka zote rangi ya kijani, hata zile zilizokuja na rangi nzuri. Okidi alitaka kerezo, ile mashine inayouzungusha mti ili patasi iuchonge mviringo. Makerezo yalikuwa matatu, yamepangwa chini ya mabati, na kuku mmoja amelala juu ya lile kubwa.

"Ya kazi ama ya kusikiliza, mzee?" Ondiek aliuliza.

"Ya kusikiliza."

"Mtu mzima ama mtoto?"

"Miaka ishirini na tatu. Mwanamume."

Ondiek akaitikia kwa kichwa, kama muuza viatu aliyetajiwa saizi.

Kila aliyewahi kukereza anajua kwamba mti husema. Patasi inapougusa ukizunguka, hutoa yale uliyoyasikia, na maneno huondoka na maranda. Yakishatoka yametoka, huwezi kuyarudisha. Yaliyosikika mwisho hukaa juu, ya zamani hukaa ndani. Mbao mpya hazina la maana: ndege, mvua, wapasuaji wawili wakigombania chumvi. Ndiyo maana mafundi wengi hufungulia redio.

Okidi naye alifungulia redio kwa miaka ishirini na miwili, akikereza marungu katika karakana ya kampuni moja ya ulinzi ambayo wafanyakazi wake waliiita Kampuni tu. Kerezo la huko lilikuwa la mkanda, lenye spidi nne, na ya chini kabisa ilikuwa mizunguko mia saba kwa dakika. Kwa spidi hiyo binadamu husikika kama kwerea kwenye mtama. Hakuwahi kujali, hadi mwezi wa tatu wa mwaka ule, 2013.

Mwezi huo mwanawe Ochan, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo kwenye maduka ya jumla ya hapo Kisenyi, alikutwa asubuhi amekufa ndani ya ua uliolindwa na Kampuni. Taarifa ilisema alianguka kutoka ukutani akijaribu kuiba. Ukuta wenyewe ulimfika kifuani. Odur, msimamizi wa walinzi wa ua ule, alileta msibani kilo kumi za sukari na akabeba jeneza upande wa kulia, na watu wakamsifu kwa utu.

Wiki tatu baadaye rungu namba 417, la ua uleule, likarudishwa karakana pamoja na mengine ishirini, na karatasi iliyosema yapigwe msasa na kupakwa vanishi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kila mwaka. Okidi aliona doa lililozama kwenye mbao. Akachukua kipande kipya cha mti wa mugavu, akakereza rungu jingine, akaligonga namba 417, akalichoma pete tatu kwa waya kwenye mpini, kama alivyochoma kila kitu alichowahi kukereza, hata miguu ya meza ya nyumbani kwake. Hilo ndilo alilolipeleka stoo. Lile la kwanza alilisokomeza ndani ya suruali, akatembea nalo hadi nyumbani Nsambya bila kukunja goti. Sasa alikuwa amestaafu, ana mafao yake, na alitaka kujua mtoto wake alikufaje. Kitu kingine hakukitaka.

Alipima kerezo dogo la Kichina. Kitanda chake, pale mti unapolazwa, kilikuwa sentimita arobaini, rungu sitini.

"Hiyo achana nayo," Ondiek alisema. "Utalikata rungu vipande viwili, na maneno yatakatika hapo hapo. Na hii kubwa ilikuwa ya shule. Inataka umeme wa fezi tatu, halafu ni ya mikanda. Mtu wako akiwa katikati ya spidi mbili, umemkosa."

Lile la tatu lilikuwa la wastani. Kitanda chake kilikuwa cha mita moja, cha chuma cha kumimina, mota yake ya nguvu ya farasi mmoja ikitumia umeme wa kawaida wa nyumbani, na mbele lilikuwa na swichi ya duara iliyopandisha spidi polepole kuanzia mizunguko sitini, bila kuruka. Ondiek alifunga mguu wa benchi la kanisa, akaugusa kwa patasi. Kwanza palisikika ng'ombe wengi wakilalamika. Akazungusha swichi kidogo kidogo, ng'ombe wakapanda wakawa wazee, wazee wakawa akina mama, na akina mama wakaimba ubeti mzima kwa Kijaluo, huku maranda yakimwangukia Ondiek viatuni. Kuku hakuamka.

"Nikikandamiza patasi, spidi haishuki?" Okidi aliuliza.

"Haishuki. Lakini umeme ukishuka, nayo inashuka. Hapo usinilaumu, mzee."

"Jirani akipiga pasi?"

"Ongea na jirani."

Okidi akalilipia lile la tatu, akaongea na majirani. Tuseme kweli, aliyeongea ni mkewe Docus, kwa sababu Okidi maneno yalikuwa yamempungua tangu mazishi. Docus alipita nyumba hadi nyumba kuwaomba watu wasiguse umeme Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa tisa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Moreen, aliyeishi kwa kupiga pasi nguo za watu, alichomoa waya wake akaenda kusuka nywele. Fundi wa kuchomelea mageti alizima mashine, akakaa kwenye ndoo na miwani yake myeusi mapajani. Saa nane ilipofika mtaa wote ulikuwa umetulia, na jua lilikuwa limeingia kibandani kwa Okidi hadi kwenye miguu ya kerezo.

Docus alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Okidi aliweka mizunguko mia tatu na themanini, akakata mkato wa kwanza, mwembamba kama ganda la kitunguu. Lilikuwa gari, kisha droo ikifungwa, kisha mtu akiomba kalamu. Akarudi mwanzo. Mkato wa pili ulitoa sauti nzito iliyoburuta. Akapandisha swichi kwa kidole kimoja, mia tatu na themanini na tano, mia tatu na tisini, na kwenye mia tatu na tisini na sita Ochan akawa humo kibandani, na mafua yake ya mwezi wa tatu.

"Nimekuja chukua koti yangu, afande," alisema. "Ilibaki hapa mchana. Uliza tu wale."

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kampuni ililileta pamoja na mwili.

Vikafuata vishindo viwili, kisha Ochan tena, kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka jambo litakalomaliza ugomvi.

"Hiyo rungu ni ya mzee wangu! Ye ndo alitengeneza. Muone pete tatu hapo kwa mpini."

"Tunajua," ilijibu sauti ya Odur, bila hasira yoyote. "Ndo maana haivunjiki."

Baada ya hapo hapakuwa na maneno. Okidi hakuinua patasi, kwa kuwa mkato ukiachwa katikati mti huharibika, na mkono ulikuwa umezoea hivyo. Aliusukuma hadi kwenye mpini huku vishindo vikiendelea, akavisikia vyote. Aliumia vibaya moyoni. Alitamani angekuwa seremala wa milango.

Jumatatu alikwenda Kampuni. Meneja, mama wa Kikongo aitwaye Julienne, alimpokea vizuri, akamwita baba, akamsikiliza hadi mwisho. Odur alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mti hausemangi uongo, baba," Julienne alisema. "Leta hiyo rungu tuikereze hapa, wote wasikie."

"Nimeshaikereza. Maneno yametoka."

Julienne akafungua daftari. Rungu namba 417 lilikuwa stoo, hali nzuri, vanishi mpya. Likaletwa. Lilikuwa na namba yake, na pete tatu kwenye mpini.

"Hii nilitengeneza mimi," Okidi alisema, "niweke mahali pa ile ingine."

"Baba, zote ulitengeneza wewe."

Wakalipeleka karakana, wakalifunga kwenye kerezo la mkanda, na mkereza mpya, Ongom, akalikata mkato mmoja mbele ya watu wote. Likatoa ndege, tena ndege waliobanwa pua kwa spidi ya mia saba, na mvua kidogo. Julienne akachukua kalamu akaandika: ndege. Odur alimshika Okidi mkono kwa mikono miwili, akamwambia pole sana mzee wangu. Rungu likapakwa vanishi upya, na jioni hiyo hiyo likarudi kazini Kisenyi, kwenye mkanda wa mlinzi mpya, limepungua unene kidogo tu.

Jumamosi iliyofuata, saa nane, majirani walizima umeme wenyewe bila kuombwa. Docus alikuwa tayari kwenye kigoda.

"Labda kuna mahali alisema kitu kingine," alisema. "Hata kama ni salamu."

Okidi alilifunga lile rungu la kweli. Akakata taratibu, akishusha na kupandisha swichi, akimtafuta. Zilikuwa zamu za walinzi, miezi kwa miezi: mpira redioni, mtu akitafuna karanga, mlinzi akimwambia mwenzake kwamba mkewe amejifungua mapacha, mvua juu ya bati, mbwa. Mara moja mtu alicheka na Docus akanyanyua kichwa, lakini hakuwa yeye. Maranda yalirundikana, mepesi, yakinukia mugavu, na jua lilisogea kutoka miguu ya kerezo hadi kwenye magoti ya Docus.

Rungu lilipokuwa jembamba kama mwiko, likafika lilipoanzia. Ilikuwa karakana, na mkanda ukipiga mluzi. Mwanamume alikuwa akiimbaimba kwa lugha ya Kilango, mtu aliyeshiba na asiye na deni na yeyote. Palisikika waya ukichoma mti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha yule mwanamume akalipiga rungu kiganjani na kusema kwa furaha:

"Hili halitavunjika."

Okidi akazima kerezo. Lilichukua muda kusimama, kama kawaida yake.

"Ni wewe," Docus alisema.

"Ni mimi."

"Ulikuwa umefurahi siku hiyo."

"Nilifurahi," Okidi alisema.

Docus akainuka, akafagia maranda yote, akayawashia jiko, kwa kuwa maranda ya mugavu hushika moto haraka. Nje Moreen akachomeka pasi yake, na fundi wa mageti akavaa miwani. Docus akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, akaviweka juu ya meza ya pete tatu.