Kiapo Alichokula Gitobu Mezani

Kawira aliingia na bahasha mpya kwapani. Gitobu alipoiona, akaacha kunywa chai.

"Hiyo ni nini?"

"Mchezo mwingine. Wa watu wanaoishi chini ya ziwa." Alikwisha kuvuta kiti. "Ngoja niwaonyeshe ramani."

Walikuwa watatu, kama kila Jumapili baada ya kanisa, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la babake Ilwad, pale Makutano. Siku za kazi Kawira alichapa kadi za harusi na matangazo ya mazishi. Jumapili alikuwa msimulizi: alibuni michezo ya mezani ambamo kila mchezaji huwa mtu wa hadithi, na dadu ndiyo huamua nani avuke na nani aanguke. Chini ya kitanda chake kulijaa michezo ya namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliokuwa ameumaliza. Wazo jipya likija, la zamani lilipoa kama ugali wa jana.

"Na ule wa mlima?" Gitobu aliuliza.

"Umenichosha. Tutaurudia siku nyingine."

"Kawira, mimi niliapa."

Kawira alianza kucheka, kisha akaona kwamba Gitobu hacheki.

Katika mchezo wa mlima, wasafiri walikula kiapo kabla ya kuondoka. Kawira hakutaka maneno ya kubuni. Alimwomba Gitobu alete yale aliyowahi kuyasikia kwa babu yake, kule Muthara, wazee walipokuwa wakiamua kesi ya mpaka wa shamba. Ilwad alikataa kuyatamka. Dini yake, alisema, haimruhusu kuapa hivyo hata kwa mzaha. Gitobu aliyatamka, kwa Kimeru, amesimama, udongo kiganjani. Alipofika mahali pa jina hakutaja la msafiri wake. Alitaja lake mwenyewe, na la ukoo wake. Nisipofika kileleni na mwenzangu, mifugo ya nyumba yetu ife, na tumbo la nyumba yetu lisizae. Siku ile Kawira alisisimka kwa furaha. Hakuna mchezo wake uliowahi kusikika wa kweli namna ile.

"Ulikuwa mchezo tu," alisema sasa.

"Mdomo ulikuwa wangu." Gitobu aliweka kikombe chini. "Jumanne mtamba wetu alikufa. Jioni alikula vizuri, asubuhi tukamkuta amevimba."

"Ng'ombe hufa, bana," Ilwad alisema kwa sauti ya chini. "Labda alikula majani yenye umande."

"Na Ann?"

Ann alikuwa dadake Gitobu, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza.

"Yuko hospitali tangu jana," Gitobu aliendelea. " Uchungu ulimshika, ukakatika. Simu ya Mama haipatikani."

"Mwambie babako," Ilwad alisema. "Si wazee wenu huweza kumtapisha mtu kiapo ili kimtoke?"

"Nimwambie nini? Kwamba niliapa kwa ukoo wake juu ya meza ya kukatia vitambaa, na mwenye mchezo ameshauchoka?"

Kawira aliinuka, akaitoa ramani ya mlima nyuma ya majora ya vitambaa, akaikunjua haraka.

"Haya. Kulikucha, mkapanda, mkafika kileleni, wote wawili. Mwisho."

"Hapana." Gitobu hakupaza sauti. "Hujanifikisha. Umenitupa huko juu kama gunia la miraa. Nifikishe kwa dadu."

Ukingo wa mwisho ulikuwa na sheria, na Kawira ndiye aliyeiandika: nne kwenda juu unavuka, chini ya hapo unaanguka.

"Naweza kuibadilisha iwe mbili," alisema.

"Usiiguse."

Basi akasimulia. Hakuwa na mwisho wowote tayari; aliutafuta kwa mdomo, mwanzi baada ya mwanzi, jiwe baada ya jiwe, upepo ukiwapiga wasafiri usoni. Na hata hapo ziwa lilimwita: taa zile chini ya maji, watu wale wasio na vivuli. Aliona aibu, akaendelea kupanda.

Ilwad alirusha kwanza. Sita. Gitobu aliishika dadu kwa muda mrefu, akaiachilia. Ilibingirika hadi ukingoni mwa meza, ikasimama. Tano.

"Mmefika," Kawira alisema. "Mmefika wote."

Simu ya Gitobu ililia wakiwa bado wanaitazama dadu. Alisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Amejifungua," alisema. "Msichana. Wote wazima."

Ilwad alijifunika uso kwa mtandio akamshukuru Mungu. Kawira aliegemea ukuta.

"Amezaa tangu asubuhi," Gitobu akaongeza. "Mama alikuwa ameishiwa na chaji."

Tangu asubuhi, kabla hata hawajakaa mezani. Kicheko kilimpanda Kawira, kicheko cha mtu aliyekoswa na lori, lakini Gitobu alikuwa akimtazama bila kucheka.

"Mama angenipigia mapema," aliuliza, "ungetumalizia mchezo?"

Bahasha ya ziwa ilikuwa bado mezani. Kawira akaitupia jicho, na Gitobu akaenda kutafuta koti lake.