Mlonge Hauondoi Dawa

Milembe alikoroga maji ya lambo kwa mwiko, haraka kwanza, kisha polepole, unga wa mbegu za mlonge ukizunguka ndani ya ndoo. Baada ya saa moja tope lilikuwa limelala chini na maji ya juu yametakata kabisa. Akayanusa. Harufu ilikuwa ile ile, ya dawa ya pamba.

Aliyamwaga mbali na kuku.

Ufundi huo alifundishwa na bwana maji wa wilaya, miaka ile pampu ya kisima ilipokuwa na fundi. Pampu ilipokufa, wakaambiwa siku hizi wananchi wanajitafutia fundi wenyewe. Kijiji kizima kikahamia lamboni, na wanawake wakawa wanakuja kwa Milembe kuchukua mbegu. Matumbo ya watoto yalipoa. Sasa ng'ombe watatu wa mfugaji Jilala walikuwa wamekufa wakitoka povu, na juzi walimzika mtoto wa Ng'washi, jirani wa Milembe.

Milembe alijua. Wiki iliyopita, akichota maji, aliwaona vibarua wa mnunuzi mpya wa pamba wakisuuza mapipa ya dawa ukingoni mwa lambo. Hakumwambia mtu. Mjane mwenye macho mekundu hasemi ovyo kuhusu vifo, hata kama wekundu wenyewe ni wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia. Masika yaliyopita, kijiji cha pili, mwanamke wa rika lake aliitwa mchawi na kukatwa mapanga kwa macho kama hayo.

Kabla jua halijapanda, sungusungu wawili, walinzi wa kijiji, walisimama mlangoni.

"Mwangaluka, mayu. Mtendaji anakuita."

Walimsalimia kwa Kisukuma, kama mama yao, kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

Ofisini, Ngeleja, mtendaji wa kijiji, alikuwa amekaa na wakala wa mnunuzi, kijana wa mjini ambaye viatu vyake havikuwa na vumbi.

"Mayu, watu wamekasirika," Ngeleja alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema kuna unga unatia kwenye maji."

"Ni mlonge, baba. Hata mkeo anautumia."

"Mimi nakwambia wanachosema."

"Mapipa ya dawa yalioshwa lamboni. Nimeona kwa macho yangu."

Wakala akacheka kidogo. "Macho yapi, mama? Hayo?"

Nje, mmoja wa walinzi alikohoa.

Ngeleja akamsogezea karatasi. Milembe alipita kisomo cha watu wazima, herufi alizijua. Ilisema maji yameharibiwa na dawa za kienyeji alizotia yeye bila kukusudia.

"Hilo 'bila kukusudia' nimekupigania mimi," alisema Ngeleja. "Ukikubali, sungusungu watakulinda. Ukikataa, nitawaambia nini?"

"Basi lambo lifungwe, watu wasinywe."

"Kulifunga ni kusema lina kitu," wakala alidakia. "Kampuni ikiondoka, pamba yenu mtamuuzia nani? Ushirika si umekufa?"

Ngeleja alitazama dirishani.

Milembe alihisi mkojo ukimtiririka miguuni. Kalamu ilikuwepo, na jina lake alijua kuliandika, lakini vidole vilikataa kuishika. Wakampa wino. Akatia dole gumba.

Aliporudi nyumbani alikuta milonge yake yote minne imekatwa. Mlinzi mmoja alikaa kwenye gogo, panga mapajani, akisugua meno kwa mswaki wa mti. Alisema ametumwa kumlinda.

Jioni Ng'washi akaja na ndoo kichwani, akimkokota binti yake mdogo. Akaitua ndoo uani.

"Mayu, nisaidie mbegu, hata kidogo. Watu wanasema mengi, lakini maji ni tope tupu, na huyu ndiye aliyenibakia."

Mbegu alikuwa nazo, konzi moja, kibuyuni. Zingetoa tope. Dawa ya pamba zisingeitoa. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: usimnyweshe.

Mswaki wa mlinzi ulikuwa umesimama.

"Sina mbegu, mwanangu," Milembe alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Nenda nyumbani."

Ng'washi hakuondoka. Alimtazama usoni, akisubiri zaidi. Mtoto, aliyechoka kusimama, akainama, akatumbukiza uso ndooni na kunywa kama ndama. Milembe alisikia kila funda likishuka.

Mlinzi akaendelea kusugua meno.