Mguu wa Sekela Waitwa Ofisini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimempeleka mjukuu wangu Sekela ofisini kuhakikiwa. Serikali imebadilisha utaratibu wa msaada wa walemavu, kila mmoja anakaguliwa upya nyumbani kwake, na leo ni zamu ya mtaa wetu. Msaada ule ndio unaolipa bajaji ya kumfikisha chuo cha ushonaji. Ukisitishwa, atabaki jikoni na mimi.

Kiti kimoja kiliniona nimechoka. "Keti, bibi," kikasema. "Mimi nimepumzika tangu asubuhi." Nikakishukuru.

Mezani yupo muhuri, amefunga tai. Akamsalimia Sekela vizuri, kisha akauliza mguu wa kushoto uko wapi. Nikamweleza kwamba ulikatwa akiwa mdogo.

"Poleni sana," akasema muhuri. "Lakini utaratibu mpya unataka mhusika afike mwenyewe. Mguu uje uthibitishe kwamba haupo."

Mara ofisi inakuwa korido ya hospitali, ila foleni ni ileile. Mlango unafunguka. Mguu unaingia, umevaa ndala, umelowa mvua. Si wa mtoto tena. Umekua sawasawa na Sekela, na kucha zake ni ndefu, maana hapakuwa na wa kuzikata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Ukasema bado, maana huwa haukai na mtu. Kisigino kilikuwa kimepasuka, nikakipaka mafuta kidogo.

Muhuri akauuliza kama ni wa Sekela. Mguu ukajibu kwa adabu kwamba ndiyo, ni wake tangu kuzaliwa.

"Basi anao," akasema muhuri, akajigonga kwenye karatasi.

Sekela hakulia. Aliushukuru mguu kwa kuja, mvua yote ile. Wenyewe ukabaki umesimama, haujui uelekee wapi.

"Nilidhani nasaidia, bibi."

Nilitaka kuuambia twende nyumbani. Nikamwogopa muhuri, asije akaandika kwamba tunaishi nao. Nikauacha uondoke.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Sekela bado amelala. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani kwake, palikuwa na alama za tope za ndala moja, ya kushoto. Zilifika, zikasimama hapo, zikarudi.

Nikachukua tambara, nikazifuta polepole kabla mkaguzi hajafika. Ile ya karibu kabisa na kitanda ilinichukua muda.