Baada ya Pazia

"Ujumbe wangu ulikufikia saa ngapi?"

Dulcie Hargreave, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliuliza hivyo siku ya mazishi, katika ukumbi wa kanisa pale Moonah, kitongoji cha Hobart, ameshika sahani ya keki ambayo hakuigusa. Nerida Cullinane, mjane wa siku tano, akamjibu ukweli.

"Baada ya pazia kufungwa."

"Basi yule mtu wenu wa ukumbi wa maonyesho alinisikia vizuri kabisa, akautia mfukoni."

"Ndiyo. Aliutia mfukoni."

Nerida hakuongeza neno. Hapo ndipo alipokosea. Kosa la kunyamaza halina kelele, linakaa ndani ya nyumba kama unyevu wa ukutani, na siku unapoliona rangi imekwisha kubambuka.

Mambo yalikuwa hivi. Mumewe Merv alikuwa fundi wa mabasi, na alipostaafu mapafu nayo yakastaafu. Miaka miwili aliishi kwa mashine ya hewa, amekaa karibu na dirisha linalotazama mlima. Nerida ni mwigizaji wa jukwaani tangu ana miaka ishirini na miwili, na sasa amefika sitini na moja. Kazi hiyo haina "kesho nitakuja". Kila alipokwenda kazini, Dulcie alikuwa anavuka na sufuria yake na karata zake, anakaa na Merv. Walikuwa wanaibiana karata mchana kutwa na kutukanana juu ya timu zao za mpira.

Jumatano moja ya Juni palikuwa na onyesho la mchana. Saa nane na dakika tano, watu wametoka nje kunywa chai ya mapumziko, Dulcie akapiga simu ya mlango wa nyuma wa ukumbi wa maonyesho wa Wenlock. "Mwambieni Nerida aje sasa hivi. Merv anaondoka." Aliyepokea ni Rohan Petrie, msimamizi wa jukwaa, yule anayeita waigizaji, anayeamuru taa na pazia. Kutoka Wenlock hadi nyumbani ni dakika kumi kwa gari. Merv alikata roho saa tisa kasoro robo. Pazia lilifungwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Nerida aliinamia watu mara tatu, akapigiwa makofi, akatoka jukwaani anacheka na mwenzake juu ya kofia iliyotaka kuanguka. Ndipo Rohan akamshika kiwiko akamsogeza kando.

Tangu hapo Nerida hakulia. Watu walisema ni imani. Padri naye alisema hivyo, akamshika mkono, na Nerida akamwachia ule mkono kama mtu anavyomwachia mwingine mwavuli. Siku ya kumi alirudi jukwaani. Mchezo wenyewe unaitwa Mnada wa Farasi Tisa, na yeye ni mama mwenye shamba anayeuza farasi wa mwanawe aliyekufa. Mwishoni yule mama analia. Nerida alikuwa analia palepale panapotakiwa, machozi yanashuka, watu wanatoa leso, naye ndani yake anafikiria kama alizima jiko.

Rohan ana kazi ya kuandika kila siku onyesho limechukua muda gani. Zamani sehemu ya pili ilikuwa inapanda na kushuka, leo dakika hamsini, kesho hamsini na tatu, kwa sababu watu si mashine. Tangu Nerida arudi, ilikuwa dakika hamsini na mbili na sekunde kumi. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki tatu hivyo hivyo. Rohan alikuwa anaandika, anaitazama saa yake, anaitikisa.

Na dunia ilivyo, hapo ndipo sifa zilipomjia. Magazeti yakasema hajawahi kuigiza hivi. Sydney wakautaka mchezo, miezi minne, na yeye awe wa kwanza kwenye bango. Akaambiwa aandike maneno themanini ya kujieleza kwa ajili ya kijitabu cha onyesho, yaandikwe kana kwamba ameandika mtu mwingine, ndiyo desturi yao. Akachukua yale ya zamani. Nerida Cullinane yuko jukwaani mwaka wa thelathini na tisa. Maonyesho yake ya karibuni ni Majira ya Bibi Pelham, Kinyozi wa Queenstown, na kadhalika. Mwisho kulikuwa na mstari uliokuwepo miaka yote: Anaishi Moonah na mumewe Merv na kuku watano. Akaufuta. Akahesabu, yakabaki maneno sabini na mawili. Akayatuma hivyo hivyo.

Jumamosi moja ya Agosti, kabla ya onyesho la mchana, Rohan aligonga mlango wa chumba chake cha kuvalia. Ni mtu mtaratibu, penseli haimtoki sikioni, ana watoto pacha nyumbani na macho ya mtu mwenye pacha nyumbani.

"Mama Nerida, karatasi za Sydney hizi. Ujaze ukipata nafasi."

"Wewe ndiye unasimamia kule, sivyo?"

"Sidhani. Wanatafuta mtu."

Nerida alikuwa anapaka poda. Hakuacha kupaka. "Kwa nini watafute?"

"Kuna mama kaiandikia bodi barua. Mwandiko mzuri kweli, ule wa shule za zamani, unaona haya hata kukasirika. Anasema nilizuia ujumbe wa mtu anayekufa."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia niliupokea saa nane na dakika tano nikaushika mpaka pazia. Kwani sivyo?"

"Hukuwaonyesha fomu yangu?"

"Fomu ni yako," Rohan akasema. "Unanipa mimi, siwapi wao. Ningekuwa naonyesha watu mlivyojaza, nani angejaza ukweli?" Akacheka kidogo. "Mke wangu anasema afadhali. Pacha wanamwita mtu wa posta 'baba', maana mimi sionekani nyumbani."

Fomu yenyewe ni karatasi moja. Kila mwigizaji huijaza siku ya kwanza ya mazoezi: jina, chakula kinachomdhuru, nani apigiwe simu. Chini kabisa kuna swali moja. Habari mbaya ikikujia wakati onyesho linaendelea, uambiwe lini? Kuna viboksi viwili: Mara moja. Baada ya pazia. Katika miaka yake yote Nerida hakumjua mwigizaji aliyetia alama kile cha kwanza, na kama alikuwepo, basi alificha. Wamefundishwa hivyo na waliowatangulia, kwamba watu mia nne wamekaa gizani wanakungoja, na maiti haikimbii. Mwezi Machi, Nerida alipotia alama yake, Rohan alisimama juu ya bega lake akauliza polepole, "Hata kwa Merv?" Na yeye, bila kuinua kalamu, akajibu, "Hata kwa Merv."

Sasa alikuwa anaitazama karatasi mpya. Jina lake. Chakula kinachomdhuru, hakuna. Nani apigiwe simu: hapo alikuwa anaandika Dulcie Hargreave, nyumba ya pili, kwa kuwa Merv hawezi kufikia simu. Akaandika hivyo tena, kwa mazoea. Akashuka chini akatia alama, akaikunja, akampa Rohan.

Rohan aliifungua, akaitazama, akaikunja upya. "Haya," akasema. "Zimebaki dakika thelathini, mama." Akatoka kwenda kuwaita wengine.

Onyesho lilipokwisha, kabla hajafuta rangi usoni, Nerida alipanda ghorofani kwa meneja. Alisema maneno machache: alichojaza Machi, nani aliyemwagiza Rohan, na kwamba Sydney haendi na msimamizi mwingine. Meneja akasema laiti ungetuambia mapema. Nerida akasema ndiyo. Yote hayakufika dakika tatu. Aliposhuka ngazi alingoja kuona kama kifua kitalegea, kama wanavyosema watu wakishaungama. Kilikuwa vilevile. Lakini alijua limebaki la pili, la kumwambia Dulcie, na hilo halina meneja.

Jumapili, baada ya misa, Dulcie alivuka na pai ya kondoo, gundi, mkasi, na lile daftari lake kubwa. Ana miaka kumi na tisa anakata kila habari ya Nerida kutoka gazetini anaibandika humo. Nerida mwenyewe hana hata karatasi moja ya kazi yake. Alikuwa anasema historia yangu iko nyumba ya pili.

"Sikia walivyoandika," Dulcie akasema, miwani puani. "'Mwigizaji mkongwe wa Hobart.' Mkongwe nani? Wangesema mzoefu wangepungukiwa na wino?"

"Acha tu."

"Siachi. Na picha wamechagua ile ya kidevu. Shoga, ukifika Sydney waambie una kidevu kimoja, vingine ni vya kuazima." Akakata pembezoni mwa picha kwa uangalifu, ncha ya ulimi nje. "Jumanne naenda kwa yule daktari wa moyo. Anataka kunifunga kile kimashine cha kusikiliza mapigo, siku nzima. Nimemwambia asikilize mpaka achoke, mule hamna wimbo."

Nerida akamimina chai. Maziwa kwanza kwa Dulcie, kama anavyotaka.

"Dulcie. Ile barua yako kwa ukumbi."

"Niliandika na ningeandika tena."

"Rohan alifanya nilichomwagiza."

Mkasi ukasimama.

"Tunajaza karatasi," Nerida akasema. "Inauliza kama habari mbaya tuambiwe mara moja au baada ya pazia. Mimi nilisema baada ya pazia. Kwa mkono wangu. Jana nimemwambia meneja. Rohan anaenda Sydney."

Dulcie akavua miwani, akaiweka juu ya meza, akaivaa tena.

"Na ukaniacha namtukana yule mtu. Miezi miwili."

"Ndiyo."

"Unajua alikuwa ananiuliza nini?" Dulcie hakupaza sauti. "Nerry yuko wapi. Basi. Nerry yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani. Akauliza tena. Nikamwambia amefika kwenye taa za barabara kuu. Yuko kwenye mzunguko. Sasa anakata kona, Merv, anaegesha gari. Nilimdanganya mtu anayekufa, Nerida. Nilikuleta njia nzima mpaka gari nikaliegesha mimi. Na mimi nafikiri kweli unakuja."

Nerida alikuwa anasikiliza kama anavyosikiliza mwenzake jukwaani, akijua kwamba sasa ni zamu yake na watu wote wanamtazama yeye. Chai ilikuwa inatoa moshi. Aliona kwamba Dulcie ana kipande cha gazeti kwenye mkono wa sweta, akataka kumtolea, hakumtolea.

"Nisamehe," akasema. Likatoka vizuri, kwa sauti sahihi, na wote wawili wakasikia jinsi lilivyotoka vizuri.

"Ulijaza lini?"

"Machi."

"Merv alijua?"

"Hapana."

"Na hii ya Sydney? Umeshajaza?"

"Jana."

"Umetia wapi?"

"Palepale."

Kuku walikuwa wanalalamika uani, hawajapewa chakula. Dulcie alikaa na daftari mbele yake, mikono miwili juu ya ukurasa, ile yenye mishipa iliyotoboliwatoboliwa na madaktari.

"Kwa nini palepale?" akauliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake mlango.

Nerida akafikiri kweli. Alitaka safari hii asiseme uongo hata kwa kunyamaza.

"Kwani nani amebaki, Dulcie," akasema, "ambaye habari yake haiwezi kungoja?"

Alilisema kama mtu anavyosema maziwa yamekwisha. Halikumuuma kulisema. Alipoinua macho akamwona Dulcie anamtazama, hasira hana, chozi hana, anamtazama kama mtu aliyepoteza namba ya nyumba anatazama mlango mmoja na mwingine. Nerida akajua kwamba kuna kitu amekisema, na kwamba mtu mzima wa akili angekifuta sasa hivi, angeshika ule mkono. Akauangalia ule mkono. Ulikuwa karibu sana.

Dulcie akachukua brashi, akapaka gundi nyuma ya kile kipande cha gazeti, pembe zote nne na katikati. Akakigeuza, akakiweka kwenye ukurasa, akakinyoosha kwa kiganja mpaka kikalala sawasawa, maana si mtu wa kuacha kazi nusu. Akafunga chupa ya gundi. Akafunga daftari, akalisukuma mezani mpaka likafika upande wa Nerida, kando ya pai ambayo haijakatwa. Akanywa chai yake yote, akaenda kuosha kikombe, akakiinamisha kwenye kichanja. Mlangoni akavaa viatu vyake kimoja kimoja, ameshika ukuta, akatoka, akavuka kwenda kwake.