Begi la Tanga la Mbele

Tanga la mashua lilifika Tukuyu siku ya mvua, limesokomezwa ndani ya gunia la mbolea, na mafundi wa kibarazani wakadhani ni hema la msiba limeletwa kuzibwa. Esnath akavuta ncha moja. Kitambaa kikatoka, kikazidi kutoka, cheupe, kikavu kama karatasi ngumu, kikajaa kibaraza chote mpaka wanunuzi wa nyanya wakashuka kupita kwenye matope huku wakilalamika.

Aliyelileta ni Alfred, kijana wa Dodoma aliyekuwa msimamizi wa kambi ya wageni kule chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Bosi wake alikuwa na mashua za kuwatembezea watalii, na kila mashua ilikuwa na tanga la mbele, lile la pembetatu linalofungwa puani, kwenye ncha ya mbele ya mashua. Jioni linashushwa likiwa limelowa, linaingizwa guniani hivyo hivyo, na asubuhi linatoka na madoa ya ukungu. Bosi alitaka mabegi ya kuhifadhia. Esnath ashone moja la mfano, na tanga abaki nalo alipimie. Likimridhisha bosi, mabegi ya mashua zote yatakuwa kazi yake, na matengenezo pia, mwaka hadi mwaka.

Esnath alisikiliza bila kucheka wala kununa. Ukutani nyuma yake wakubwa wa soko walikuwa wamebandika tangazo: mafundi wa kibarazani wapange vyumba katika soko jipya, au waondoke. Kwa kushona zipu za watoto wa shule huwezi kupanga chumba. Kwa kazi ya mashua ungeweza. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Hakuwa mgeni wa habari njema. Baba yake aliambiwa ang'oe kahawa apande chai, akapanda. Mama yake akachuma mpaka vidole vikawa vyeusi, na kwenye kituo cha kununulia akaambiwa majani yake yamepata joto, akamwage. Shemeji yake wa Masukulu aliambiwa parachichi ndiyo mambo yote sasa. Akapanda. Mnunuzi akashika tunda moja, akaligeuza, akaona mkwaruzo wa tawi kwenye ganda, akaondoka na lori tupu. Kila mara aliyekataa alikuwa na sababu safi, na kila mara aliyekataliwa ndiye aliyeomba radhi. Hayo hayaandikwi. Yanakumbukwa tu, na wanaoyakumbuka kwa sauti huitwa wachochezi.

Mmoja wa hao alikuwa Hosea, fundi wa cherehani iliyofuata, ambaye kwa mdomo wake aliwahi kufukuzwa kazi sehemu tatu. Alilitazama lile tanga akamwambia Esnath ashone, ila asipende.

Esnath alipenda. Kosa lilianzia hapo, kama ni kosa.

Kwanza alikata turubai zito la lori, maana mtu wa Tukuyu akisikia neno kuhifadhi anafikiria mvua. Alfred akamkumbusha kwa simu kwamba maji hayatoki nje, yanaingia na tanga lenyewe. Lazima begi lipumue. Basi turubai akaliacha. Akapanda bodaboda hadi Kisondela kwa Abrahamu, mwenye kitalu cha miche ya parachichi, akamwomba kipande cha ule wavu wa kijani wa kuzuia jua. Huo akaufanya kitako cha begi chote, maji yachuruzike na upepo uingie. Ubavuni akaweka kitambaa cha pamba kilichokazwa. Zipu akachagua ya plastiki, nene, kwa sababu ya chuma ingeota kutu. Mikanda ya kubebea akaizungusha chini hadi upande wa pili, uzito ukae kwenye mkanda, wavu usivutike.

Umbo ndilo lililomsumbua. Wa kibarazani walisema ashone mfuko wa duara, kama wa nguo. Esnath akalikunja tanga mara nyingi, akisaidiwa na Hosea aliyekuwa akinung'unika, mpaka akaona kwamba likikunjwa huku na huku kama shati la dukani, likifuata ukingo wa chini, halipati makunyanzi. Kwa hiyo begi likawa refu na jembamba, refu kuliko kitanda. Mwisho mmoja akashonea kitambaa chekundu: ncha ya puani ikae hapo, itoke ya kwanza, mtu asihangaike kuitafuta mashua ikiyumba.

Lilikuwa begi zuri. Hosea mwenyewe alilizunguka mara mbili akitafuta kasoro.

Sasa, siku ile Alfred analeta tanga, juu yake ndani ya gunia alikuwa ameweka mfuko wa usipa, dagaa wa ziwani. Zawadi yako mama, alimwambia Esnath. Na huku kwetu chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Ukiletewa sahani ya maharage, sahani itarudi na kitu. Hakuna aliyemfundisha Esnath. Alikuta watu wanaishi hivyo. Alipanga kukata mkungu wa ndizi siku mbili mapema, chane zikae kwenye majivu utomvu ukauke kabisa, kwa sababu hakuna mwanamke wa Rungwe asiyejua utomvu wa ndizi unavyofanya nguo.

Lakini Alfred akapiga simu asubuhi: wageni wanaingia kesho, gari la abiria, Noah ya Kyela, linaondoka saa nne, begi liwemo. Esnath akakata mkungu asubuhi hiyo hiyo, migomba bado ina umande.

Hosea akamshauri atie ndizi kwenye kiroba peke yake.

"Kiroba cha ndizi kwenye Noah?" Esnath akamjibu. "Kitafika maganda. Ndani ya zipu hakuna mtu atakayetia mkono."

Akachagua chane moja tu, iliyo nzuri kuliko zote. Akaifuta. Akafunga kikonyo kwa majani makavu, tabaka juu ya tabaka, akailaza juu ya tanga lililokwisha kukunjwa ndani ya begi, kwenye mwisho wa kitambaa chekundu, akafunga zipu. Kondakta akalipandisha begi juu ya gari, na juu ya begi akapandisha magunia ya viazi.

Kesho yake simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Limefika?"

Limefika, Alfred akasema. Kisha akaeleza. Utomvu ulikuwa umepita kwenye majani, ukaingia mikunjo yote ya mwisho ule. Walipolipandisha tanga mbele ya wageni, madoa meusi yalipangana kutoka chini kwenda juu, makubwa kama viganja. Walikuwa wamesugua kwa limau na mafuta ya taa, bure. Bosi aliuliza ni mtu gani duniani anaweka ndizi ndani ya tanga.

"Umemwambia ni ahsante?"

"Nimemwambia, mama. Anasema angeandika ujumbe."

"Ndizi lakini mlikula?"

"Wafanyakazi walikula. Zilikuwa nzuri sana."

Aliomba aletewe tanga alifue mwenyewe. Akaomba ashone mabegi mawili bila malipo. Akaomba radhi mara nyingi kiasi kwamba Hosea aliacha cherehani akatoka nje. Alfred alijibu kwamba ataongea na bosi, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaongea na bosi.

Mwezi ulipoisha watu wa soko walikuja kuvunja kibaraza. Esnath alikuwa amekaa juu ya cherehani yake, imefungwa kamba, akisubiri mkokoteni, Alfred alipopiga tena. Kwa aibu kijana akasema kwamba begi lenyewe bosi amelipenda mno, amelipeleka Dar es Salaam kwa fundi mwenye kiwanda, atashona ya mashua zote kwa kulifuatisha. Fundi huyo ameshona la kwanza na wavu umechanika. Anaomba kujua mama aliupitishaje mkanda.

Hosea alikuwa karibu, akasikia.

"Dada Esnath, kata simu. Usimpe hata uzi."

Esnath alimtazama. Nyuma ya Hosea vijana walikuwa wanang'oa mabati ya kibaraza, wakiyatupa chini moja moja, na yeye akasubiri bati litulie ndipo asikike.

"Kijana kaniuliza vizuri, Hosea," akasema.

Akaeleza. Mkanda upite chini ya wavu, usishonwe juu yake. Mishono miwili, na katikati yake msalaba. Uzi wa nailoni, ule unaoshonea viatu. Wavu ukunjwe mara tatu pembeni kabla ya sindano kugusa. Alieleza polepole, akichora kwa kidole juu ya goti lake, kana kwamba Alfred anaona. Alipomaliza akamwuliza kama arudie tena.

"Hapana mama," Alfred akasema. "Nimerekodi. Ndaga fijo."

Ahsante sana, kwa lugha ya kwao Esnath. Kijana wa Dodoma alikuwa ameshajifunza.