Ngozi Haikuletwa

"Na aliyekutuma umwahidi ni nani?" Wakio aliuliza, akaitua birika mezani kwa kishindo hata chai ikamwagika.

Danson, mumewe, alimtupia jicho kaka yake Silvanus, ambaye aliteremka alfajiri kutoka Mwanda na sasa alikuwa ametulia kitini akitafuna kiazi kama mtu asiyehusika.

Kwa miaka sita mshahara wa Danson, karani wa bohari kwenye shamba la mkonge, ulikatwa kila mwezi kulipia mkopo wa nyumba hii ya mabati hapa Kaloleni. Miaka hiyo yote Wakio aliwauzia abiria nyanya stesheni, jua la Voi likimchoma utosi, na watoto wakanywa chai ya rangi. Jana mshahara ulikuja mzima kwa mara ya kwanza. Leo, kabla hawajakaa kupanga, anasikia mpango ulishafanyika kule milimani: pesa zilizokuwa zikikatwa zitanunua mitamba, na Silvanus ndiye atakayewatunza.

Danson alijitetea kwamba ng'ombe ndiyo akiba waliyoijua baba zao. Elsie, binti yao, angengoja mwaka mmoja tu.

Angoje? Ada ya shule ya bweni ilikuwa inapokelewa leo, mwisho saa sita, kwa Mwalimu Tryphena pale ofisini kanisani. Asiyelipa, nafasi yake anapewa mwingine. Wakio alimwambia wazi kwamba msichana anayengojeshwa huishia kuolewa.

Silvanus alijifuta mdomo. "Shemeji, mtoto wa kike utamsomesha, kisha aende kwa watu. Ng'ombe haendi kwa watu."

"Kwako wanaenda. Yule wa kwanza alikwenda wapi?"

Danson aliinamisha kichwa. Ng'ombe huyo walimnunua kwa mbuzi wa Wakio, wakamweka kwa Silvanus kama wafanyavyo Wadawida wa kule milimani: maziwa na samadi vya mtunzaji, ndama wa mwenyewe. Mwaka juzi Silvanus alileta habari ya kifo na kikapu cha nyama iliyokaushwa. Ngozi, ambayo lazima irudi kwa mwenyewe iwe ushahidi, hakuileta. Alisema imeliwa na fisi. Danson hakuuliza zaidi, maana kumdai kaka mkubwa ngozi ni kumwita mwizi.

"Nilimwona mwezi uliopita, tulipokwenda kumzika shangazi yenu," Wakio alisema. "Yuko zizini kwa wakwe zako, shemeji. Ana lile doa la paji, na ana ndama wawili."

Silvanus alicheka kidogo, akasema ng'ombe hufanana.

"Sikio?" Danson aliuliza.

"La kushoto. Nililikata alama mwenyewe mara mbili, na mikato yote ipo."

Danson alimgeukia nduguye polepole. "Kaka, tulikula nyama ya nani?"

Silvanus alianza kueleza kwamba mkwewe alikosa maziwa, kwamba alikusudia kusema, kwamba mambo ya ndugu hayasemwi mbele ya wanawake. Danson hakumngoja amalize. Hasira ilimgeuza kwa mkewe: mwezi mzima amenyamaza?

"Ningesema, ungeniambia namchukia ndugu yako. Nilitaka nione kwanza ukipata pesa utazipeleka kwa nani. Nimeona."

Danson alisimama, akatoa bahasha ya mshahara kwenye mfuko wa koti. Mkono wa Silvanus ulianza kunyanyuka. Bahasha ilimpita, ikatua kiganjani mwa Wakio.

"Nenda kalipe."

"Twende," Wakio alisema. "Utamwandikisha mtoto kwa jina lako. Sitaki kusikia kesho umeahidi tena."

Alimwita Elsie aliyekuwa akifua uani, akamfungulia aproni kwa mikono yake mwenyewe. Mlangoni aligeuka.

"Shemeji, ukimaliza kiazi, ufunge mlango."

Walimkuta Mwalimu Tryphena bado yuko mezani. Danson alitaja jina la binti yake, kisha lake. Wakio akahesabu ada yote ya mwaka, akamsukumia mwalimu.